NYUMBU WA MLIMANI: TULIYOJIFUNZA UHABESHI



Tangu tuliporudi kutoka Uhabeshi, ndiyo nchi ya Ethiopia, swali moja limenifuata bwenini, bwaloni na hata uwanjani: "Je, ni kweli mlipanda mlima juu ya nyumbu?" Wengi huuliza huku wakicheka, kwa sababu wakisikia neno nyumbu huwaza wale wanyama wa Serengeti, wenye ndevu na pembe, wavukao mto Mara kwa maelfu. Mhariri ameniomba nilijibu swali hili kwa kalamu, nami nimekubali kwa furaha, maana mambo ya nyumbu ni mengi na yana mafundisho.

Nyumbu ni nani?

Katika lugha ya Kiswahili neno nyumbu lina maana mbili. Kwanza ni yule mnyama wa porini niliyekwisha kumtaja. Pili ni mnyama wa kufugwa aliyezaliwa na punda na farasi. Watu wa pwani wana neno jingine kwa huyu wa pili, nalo ni baghala, lililotoka katika Kiarabu. Kule Uhabeshi wanaosema Kiamhara humwita bekilo, na mwenye masikio atasikia kwamba baghala na bekilo si majina yaliyo mbalimbali sana. Katika makala hii kila nitakaposema nyumbu, msomaji ajue nasema juu ya baghala.

Baba wa nyumbu ni punda dume, na mama yake ni farasi jike. Ikiwa mambo yamegeuzwa, yaani baba ni farasi na mama ni punda, huzaliwa mnyama mwingine aliye mdogo zaidi, na watu wachache tu humfuga. Wahabeshi wana mithali ya kuchekesha: nyumbu aliulizwa, "Baba yako nani?" Naye akajibu, "Mama yangu ni farasi." Mithali hii huwasuta watu wanaoficha upande mmoja wa ukoo wao na kujivunia mwingine. Lakini mimi nadhani nyumbu hana sababu ya kumwonea haya baba yake, kama nitakavyoeleza.

Jambo la ajabu ni kwamba nyumbu hazai. Sababu yake tulifundishwa katika somo la elimu ya viumbe. Katika kila chembe ya mwili mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, nazo ndizo zibebazo urithi. Farasi anazo 64 na punda anazo 62. Mtoto hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba, basi nyumbu hupata 32 na 31, jumla 63. Hesabu hii haigawanyiki mara mbili sawasawa, tena nyuzi za punda hazilingani vema na za farasi, hivyo mwili wa nyumbu hauwezi kutengeneza mbegu zilizo kamili. Majike waliopata kuzaa ni wachache mno hata huandikwa katika magazeti. Kwa hiyo hakuna ukoo wa nyumbu duniani. Mtu akitaka nyumbu mwingine ni lazima arudi tena kwa punda na farasi.

Hapo ndipo penye jibu la wale wanaouliza kwa nini wanyama hawa ni adimu katika nchi yetu ya Uganda. Pasipo farasi hapana nyumbu, na farasi hapa kwetu wana maadui wawili. Wa kwanza ni mbung'o. Wa pili ni homa ya farasi, ambayo huletwa na usubi wanaouma usiku. Farasi wakiipata hufa kwa wingi. Nyumbu huistahimili kuliko farasi, na punda kuliko wote wawili. Lakini juu katika milima ya Uhabeshi kuna baridi, wadudu hao ni wachache, na farasi hustawi. Punda nao wamejaa: Ethiopia ni miongoni mwa nchi zenye punda wengi kuliko zote duniani. Penye baba na mama, mtoto hakosekani.

Kwa nini anafaa mlimani

Mwenzetu mmoja atokaye Kapchorwa, katika miteremko ya mlima Elgon, alikuwa anawajua punda tangu utoto, maana kwao ndio wanaobeba mahindi na viazi hadi sokoni. Yeye alidhani nyumbu ni punda mrefu tu. Baada ya siku mbili alibadili mawazo. Nyumbu ana kimo na nguvu za mama yake, lakini miguu na akili za baba yake. Kwato zake ni nyembamba na ngumu, ambazo huingia vizuri katikati ya mawe. Hula majani makavu ambayo farasi angeyakataa, tena huvumilia kiu. Akitunzwa vizuri aweza kuishi miaka 30 na zaidi.

Lililo kubwa ni tabia yake anapoona hatari. Farasi akishtuka hukimbia, kwa sababu asili yake ni nyika zilizo wazi, na mbio ndizo wokovu wake. Punda asili yake ni nchi kavu yenye mawe, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Basi yeye akishtuka husimama kwanza na kutazama. Nyumbu amerithi kusimama huko. Watu wasiomjua humwita mkaidi. Wenyeji wa mlimani wanasema ana busara. Juu ya njia yenye upana wa hatua moja, na korongo upande wa kushoto, mimi ningechagua mnyama asimamaye kuliko mnyama akimbiaye.

Wahabeshi walilijua jambo hili zamani sana. Katika safari zao wakuu na makasisi walipanda nyumbu, na farasi wa vita aliongozwa kwa kamba bila mzigo, asichoke kabla ya mapigano. Kupanda nyumbu aliyepambwa tandiko zuri kulikuwa heshima kubwa. Wageni pia walijifunza. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Robert Napier lilipanda kutoka pwani ya Bahari ya Sham hadi ngome ya Magdala, likitumia maelfu ya nyumbu, pamoja na tembo 44 walioletwa kutoka India kubeba mizinga. Wengi wa nyumbu hao walikufa kule pwani kwa kiu na maradhi, hata kabla ya kuiona milima.

Safari yetu

Sasa nieleze kwa ufupi tulivyofika. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, Padre mmoja, na mwalimu wetu wa jiografia. Nauli ilitokana na mchango wa ndugu zetu wakubwa waliosoma hapa zamani, na wenyeji wetu walikuwa shule ya misheni iliyo karibu na Addis Ababa. Tuliruka kwa ndege kutoka Entebbe, tukakaa siku nne katika mji huo, ulio juu zaidi ya meta 2,300. Mwalimu alisema siku hizo nne si za kutembea madukani tu, bali ni za kuizoesha miili yetu hewa nyembamba. Kisha tulipanda basi kuelekea kusini-mashariki, safari ya kiasi cha kilometa 400, mpaka Dinsho, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Bale, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023.

Wenyeji wa Bale ni Waoromo. Farasi katika lugha yao ni farda, na nyumbu ni gaangee. Watoto wao hupanda farasi bila tandiko kama sisi tunavyopanda baiskeli. Tulipewa nyumbu sita wa kupanda, wengine wa mizigo, na watu wa kuwaongoza, wakubwa wao akiwa mzee mmoja mwenye blanketi begani na fimbo mkononi. Kiongozi wetu kijana alitutafsiria maneno yake. Kwa kuwa tulikuwa wengi kuliko nyumbu, tulipanda kwa zamu: saa moja juu, saa moja kwa miguu.

Namna ya kupanda nyumbu

Haya ndiyo mafundisho ya yule mzee, nami nayaandika kwa ajili ya wale watakaokwenda baadaye.

Kwanza, mwendee nyumbu kutoka mbele upande wa kushoto, ukisema naye. Usimpitie nyuma kimyakimya, maana mateke yake hayakosei.

Pili, tazama tandiko na mkanda wa tumbo kabla ya kupanda, na tena baada ya mwendo wa nusu saa. Mnyama hujivimbisha wakati wa kufungwa. Baadaye mkanda hulegea na tandiko huteleza. Mlimani kuna mkanda mwingine upitao chini ya mkia, wa kulizuia tandiko lisiende shingoni wakati wa kuteremka.

Tatu, tia ncha ya mguu tu katika kikuku, usiupitishe mguu wote. Ukianguka na mguu wako umenaswa, utaburutwa.

Nne, njia ikipanda, inama mbele kidogo na kushika manyoya ya shingo. Ikishuka, egemea nyuma. Kwa hiyo mzigo wako hubaki juu ya miguu yake minne.

Tano, legeza hatamu. Jambo hili lilitushinda siku ya kwanza, maana mtu mwenye hofu huvuta. Ukimvuta kichwa nyumbu hawezi kukiinamisha atazame mahali pa kuweka mguu, na wewe ndiwe uliyemfumba macho.

Sita, usimpakie kupita kiasi. Kadiri nzuri ni sehemu moja ya tano ya uzito wake, pamoja na tandiko. Mwenzetu aliye mnene kuliko wote alipewa nyumbu mkubwa kuliko wote, wala hakuna aliyecheka zaidi yake mwenyewe. Mahali penye mteremko mkali sote tulishuka na kutembea. Kila jioni mzee alipapasa migongo ya wanyama wake mmoja mmoja akitafuta vidonda, na mnyama mwenye uvimbe hakupandwa kesho yake. Sisi tuna mithali isemayo, "Punda afe, mzigo ufike." Nilipomwambia kiongozi atafsiri, mzee alitikisa kichwa akasema, "Punda akifa, mzigo haufiki."

Yaliyotupata juu

Siku mbili tulipanda kwa kulifuata bonde la mto Web, katika majani mafupi na baridi iliyozidi kila jioni. Tuliona mibweha wekundu wa Uhabeshi, ambao hawafiki 500 duniani kote, wakiwinda mafuko. Mafuko hao ni wa ajabu: ni wakubwa kama sungura mdogo, na hawapatikani mahali pengine po pote ila Bale. Huchimba njia chini ya ardhi hata nchi huwa tupu kwa ndani kama mkate uliochacha. Siku ya tatu tulifika ukingoni mwa uwanda wa Sanetti, ulio juu meta 4,000. Kesho yake asubuhi tulitazamia kupanda kilele cha Tullu Dimtu, maana yake mlima mwekundu, chenye meta 4,377.

Hapa ni lazima nieleze ugonjwa wa mlimani. Kwenye meta 4,000 hewa ina uzito wa kama sehemu tatu kati ya tano za hewa ya pwani. Kila pumzi huleta hewa safi kidogo, na mwili huhitaji siku nyingi kuzoea. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kukosa hamu ya chakula na kutapika. Dalili ya hatari ni mtu kuyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyo na mpango, maana hapo ubongo umeanza kuvimba. Nguvu za mwili hazikingi. Mcheza mpira hodari aweza kuanguka na mzee mkonde akapita. Ukipita meta 3,000 inafaa kila siku ulale si zaidi ya meta 500 juu ya mahali ulipolala jana. Dawa ya hakika ni moja tu: kushuka, na kushuka mara moja.

Nyumbu ana hila moja katika jambo hili. Atembeaye kwa miguu huonywa na pumzi zake mwenyewe. Aliye juu ya nyumbu ameazima mapafu ya mwenziwe. Hahemi, hachoki, wala hajui hali yake mpaka atakapokanyaga chini. Mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu siku ya kwanza, akaruhusiwa kupanda bila zamu. Siku ya tatu aliumwa kichwa tangu asubuhi, akanyamaza, kwa kuwa alitamani sana kukiona kilele. Alipotelemka kambini jioni alikuwa akitabasamu. Saa tatu za usiku alitapika. Saa tano alitoka hemani akayumba, akamwita Padre kwa jina la baba yake mzazi.

Mwalimu alimwambia anyoshe mikono na kutembea juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole. Hakuweza hatua tatu. Barabara ilikuwa mbali, upande wa pili wa uwanda, na simu hazikushika. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na maji ndani ya chupa yalikuwa yameganda. Mwalimu akasema, "Hatungoji mapambazuko." Mzee alikuwa ameshaanza kutandika nyumbu wake jike, yule wa kijivu, mkongwe kuliko wote.

Tulikwenda watano: mgonjwa, Padre, mzee, kiongozi, na mimi, kwa sababu mgonjwa na mimi tulilala kitanda na kitanda kwa miaka minne, na sauti yangu aliifahamu hata alipopotewa na nyingine. Kazi yangu ilikuwa kutembea ubavuni mwa nyumbu, nikimshika mwenzangu kiunoni asianguke, na kusema naye asilale. Nilimtajia wachezaji wa timu yetu mmoja mmoja. Mwanzo alijibu. Halafu akaacha kujibu.

Baada ya mwendo wa saa moja nyumbu alisimama. Kiongozi alivuta kamba, hakwenda. Padre alimsukuma kwa nyuma kwa bega lake, akisahau mafundisho yote. Hakwenda wala hakupiga teke. Mimi niliona dakika zinapita na kichwa cha mwenzangu kimelala juu ya shingo ya mnyama, nikasema, "Mpigeni basi!" Mzee alijibu maneno mawili, na kiongozi akatafsiri: "Mwacheni. Anatazama."

Mzee alitangulia na fimbo yake, akachoma ardhi mbele ya kwato. Fimbo ilizama mpaka mkononi. Tulipoleta taa karibu tuliona majani yamefunika shimo refu: mafuko walikuwa wameila nchi kwa chini, na ukingo wa kijito ulikuwa umebaki kama ngozi ya ngoma. Hatua mbili zaidi, mnyama na mgonjwa wangetumbukia pamoja. Hatukusema neno. Mzee alilegeza kamba kabisa, akaitupa juu ya tandiko. Nyumbu alinusa kulia, akanusa kushoto, akapanda kidogo kando ya kijito, akavuka mahali penye mawe, nasi tukamfuata.

Kulipopambazuka tulikuwa chini kwa zaidi ya meta 500. Mwenzangu aliinua kichwa akaniuliza kwa nini namtajia kipa wa timu yetu mara tatu. Kwa furaha nilikaa chini juu ya umande. Mchana aliomba chakula, na kesho yake tulikuwa Dinsho, ambapo mganga alimpima akasema tumefanya sawasawa. Wenzetu kumi waliobaki na mwalimu walifika kileleni asubuhi ile, wakatuletea jiwe jekundu, ambalo sasa liko juu ya meza katika chumba cha jiografia. Kilele sikukiona, wala sikitamani.

Maneno ya mwisho

Ninyi mtakaokwenda baadaye, shikeni mambo matatu. Mwenye kichwa kinachomuuma na aseme siku ile ile, maana mlima hauhami. Anayepanda mnyama na ashuke kila saa atembee kidogo, apate kujua hali ya mwili wake. Na mnyama akisimama, mtazameni kwanza kabla ya kuokota fimbo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nadhani waliwahi kusafiri na nyumbu.

 Mwenzetu yu mzima, kifundo kimepona, na juma hili amerudi kucheza beki wa kushoto.